Kwa nini mjiolojia asome kemia na biolojia: mazungumzo na wanafunzi, Mwanza

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, wazee wa hapa mliotupokea, na ninyi vijana mliosafiri usiku kucha kuja kwenye mafunzo kwa vitendo: mwangaluka!

Asanteni. Nimeombwa nizungumzie kemia na biolojia ya utangulizi kwa wanaosoma sayansi ya ardhi. Nimefundisha somo hilo kwa muda wa kutosha kuzijua sura za wanaolisoma. Wengi wenu mliipenda jiolojia kwa sababu ya nyundo, dira na safari za porini. Wengine mliipenda kwa sababu ya dhahabu, na hilo halina aibu. Halafu mnaingia mwaka wa kwanza mnakuta pH, mole, seli, kimeng'enya, mnaulizana: haya si tulishayamaliza kidato cha sita, yametufuata huku kutafuta nini?

Jibu langu ni kwamba bila masomo hayo mawili huwezi kuusoma hata mwamba ulioko hapo nje ya ukumbi. Nitalionyesha kwa njia moja tu. Nitachukua atomu chache nizifuate zinakokwenda: zinavyotoka mwambani, zinavyoingia majini, zinavyoingia mwilini mwa kiumbe, na zinavyorudi chini kuwa mwamba tena. Anayejua kuifuata atomu hasumbuliwi na ukuta uliojengwa kati ya idara na idara.

Tuanze na mawe. Mwanza ni Jiji la Miamba, na mgeni akifika hapa hupigwa picha na Bismarck Rock kabla hajatua mzigo. Graniti hii ni sehemu ya kratoni ya Tanzania, kipande cha ganda la dunia chenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Umri huo haukukisiwa. Umesomwa ndani ya vipunje vidogo vya madini ya zirkoni, ambamo urani-238 hugeuka kuwa risasi, nusu yake kila baada ya miaka bilioni 4.47. Hilo nalipita haraka, mna muhula mzima wa kulisoma.

Nataka tukae kwenye uso wa jiwe. Jana jioni baadhi yenu tulipanda pamoja kwenye mawe ya Capri Point, nikawaambia mtoe lenzi. Kwa macho matupu mliona jiwe la kijivu lenye mabaka. Lenzi iliposogea, mabaka yale yalionekana kuwa laikeni, yaani kuvu na mwani wanaoishi pamoja: kuvu ameshika jiwe na kutunza unyevu, mwani anatengeneza chakula kwa mwanga wa jua. Kando ya laikeni kulikuwa na chembe za madini ya kwatzi, angavu, ngumu, hazina kovu. Kisha feldispa, madini mengine ya graniti. Feldispa mpya ina uso laini unaorudisha mwanga ukiigeuzageuza juani. Ile ya juu ya jiwe ilikuwa imefifia, na ilipokwaruzwa kwa ncha ya kisu ilitoa unga mweupe. Mwenzenu mmoja aliuchukua unga ule kwenye kidole, akauloweka kwa tone la maji, akausugua, ukateleza. Ulikuwa udongo wa mfinyanzi, umezaliwa ndani ya jiwe ambalo nyundo ilikuwa inalidundia tu.

Kilichofanyika pale ni mmenyuko wa kemikali, na kila mmoja wenu anapaswa kuweza kuuandika bila kufungua daftari. Mvua inaposhuka huchukua kaboni dayoksaidi ya hewani, na sehemu ndogo ya gesi hiyo hugeuka asidi ya kaboni, asidi ile ile iliyomo kwenye soda mnayokunywa, ila hafifu zaidi. Ndiyo maana maji ya mvua iliyo safi kabisa yana pH, yaani kipimo cha uasidi, ya karibu 5.6, hayafiki 7 ya maji yasiyo na asidi. Ioni ya haidrojeni, yaani atomu yake yenye chaji, kutoka kwenye asidi hiyo huingia ndani ya feldispa, humtoa potasiamu mahali pake na kukaa yenyewe. Muundo wa madini unalegea. Alumini na sehemu ya silika (silikoni iliyoungana na oksijeni) hubaki, hujipanga upya na kuwa kaolini, ndiyo ule unga ulioteleza kidoleni. Potasiamu, bikaboneti na silika iliyobaki huyeyuka na kuondoka na maji. Kwatzi haishughulishwi na asidi hafifu namna hiyo. Inadondoka chembe chembe, inazoleka mpaka ziwani, na ndiyo mchanga mnaoukanyaga ufukweni.

Hapo bado sijamtaja kiumbe hai, na bila yeye hesabu haikamiliki. Laikeni hutoa asidi zake yenyewe, mojawapo ikiwa asidi ya oksaliki, zinazochomoa metali kutoka kwenye madini. Lakini kazi kubwa inafanyika chini ya udongo. Mizizi inapumua, bakteria wanapumua, kuvu wanapumua, wote wanatoa kaboni dayoksaidi ambayo haina pa kutokea upesi. Hewa iliyomo udongoni inaweza kuwa na gesi hiyo mara kumi, na pengine mara mia, kuliko hewa tunayovuta humu ukumbini. Asidi inakuwa kali zaidi, na mwamba uliofunikwa na udongo wenye mimea unaoza upesi kuliko mwamba ulio wazi juani.

Sasa rudini kwenye yale mawe yaliyopandana, ambayo watu hupita wakistaajabu ni nani aliyeyapanga. Hayakupangwa na mtu. Graniti ilikuwa na nyufa zinazokatana. Maji yenye asidi yalipita kwenye nyufa hizo chini ya ardhi, yakala kona kwanza kwa sababu kona hushambuliwa kutoka pande nyingi, yakabakiza viini vya mviringo katikati ya changarawe iliyooza. Baadaye mvua ikaiosha changarawe, mawe yakabaki hewani. Umbo la jiji hili limechorwa na nyufa, maji, na pumzi ya mizizi. Ukifuta kimoja kati ya hivyo vitatu, picha za wageni zingekuwa tofauti.

Ile changarawe iliyooshwa ilikwenda wapi? Waulizeni wakulima wa Usukumani, wanalijua jibu kwa miguu yao. Juu ya kilima karibu na mawe kuna luseni, udongo wa kichanga, mwepesi kulima, unaofaa mihogo na viazi. Ukishuka unakuta itogolo, mgumu kwa jembe. Chini bondeni kuna mbuga, udongo mweusi mzito unaopasuka kiangazi na kunata masika, na huko ndiko kwenye majaruba ya mpunga. Mwaka 1935 Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyekuwa kituo cha Amani kule Usambara, aliupa mpangilio huo wa kutoka juu hadi bondeni jina la katena, na jina hilo sasa lipo kwenye vitabu vya udongo dunia nzima. Utaalamu wa kutofautisha ngazi zile ulikuwa kwa wakulima kabla ya kitabu chochote.

Kemia yake inafuata moja kwa moja kutoka kwenye feldispa yetu. Juu ya kilima maji yanapita na kuondoka na potasiamu, kalsiamu, sodiamu na silika, kwa hiyo hubaki kwatzi na kaolini, vitu maskini. Chini bondeni maji yanatuama na mzigo wote huo unakusanyika. Palipo na silika nyingi na kalsiamu na magnesiamu nyingi hakuzaliwi kaolini, huzaliwa smektaiti, udongo wa mfinyanzi ambao tabaka zake zinafunguka kupokea maji na kujifunga yakikauka. Ndiyo nyufa za mbuga wakati wa kiangazi, na ndiyo nyufa za kuta za nyumba iliyojengwa bondeni bila kumuuliza mtu wa udongo. Mwamba ni ule ule mmoja, mvua ni ile ile, ila mwendo wa maji umetoa udongo wa namna tatu.

Silika nyingine haikukamatwa bondeni. Ilipita ikaingia ziwani, na huko ndiko ninakotaka mnifuate kwa makini.

Ziwa Victoria ni kubwa, lina eneo la kilomita za mraba 68,800 hivi, lakini ni la kina kifupi: penye kina zaidi ni mita 80 tu, au zaidi kidogo. Ukichukua tone la maji yake ukaliweka chini ya hadubini ya maabara yetu, utaona vijumba vya kioo. Ni daiatomu, mwani wa seli moja. Seli yake ina utando, ina kiini chenye DNA, ina kloroplasti, kiungo kidogo cha rangi ya kijani na kahawia kinachofanya usanisinuru. Kwa maneno mengine, sura zote za mwanzo za kitabu chenu cha biolojia zimo ndani ya kiumbe ambaye jicho halimwoni. Na kuta zake amezijenga kwa silika. Anaivuta silika iliyoyeyuka majini na kuifinyanga kuwa kasha la vipande viwili vinavyofunikana, lenye matundu yaliyopangwa kwa ustadi ambao mimi, baada ya kuyatazama miaka yote hii, bado hunisimamisha. Silika ile ilikuwa feldispa. Daiatomu akifa, kasha linazama na kulala kwenye matope. Matope hayo yakifukiwa na kukandamizwa kwa muda mrefu yanakuwa mwamba, na mjiolojia anakuja na nyundo.

Huo ndio mzunguko ulivyokuwa. Sasa sikilizeni ulivyovurugika.

Mwanasayansi Mwingereza John Talling alipima maji ya ziwa hili mwaka 1960 na 1961. Mtafiti Robert Hecky na wenzake walipopima tena miaka ya mwishoni mwa karne, silika iliyoyeyuka ilikuwa imeporomoka, imebaki karibu sehemu moja ya kumi ya ile ya zamani. Mwani kwa ujumla, kinyume chake, walikuwa wameongezeka mara kadhaa. Mtu asiyejua kemia na biolojia pamoja atayaona haya kuwa mambo mawili yasiyohusiana. Mito haikuacha kuleta silika, na graniti haikuacha kuoza. Kilichobadilika ni fosforasi.

Fosforasi ni elementi ambayo seli haiwezi kuishi bila hiyo. Ndiyo inayoshikilia uti wa DNA, ndiyo iliyomo kwenye utando wa seli, ndiyo inayobeba nishati ndani ya ATP, molekuli ya nishati ya seli. Mwambani inatoka hasa kwenye madini ya apataiti, kwa uchache na kwa mwendo wa pole. Hapa nichepuke kidogo: mbolea ya Minjingu mnayoiona madukani inachimbwa karibu na Ziwa Manyara kwenye tabaka lililotokana na mifupa na kinyesi cha ndege waliokuwa wakila samaki wa ziwa la kale. Huo ni mwamba uliopita tumboni mwa ndege. Mtaalamu anayeutafuta mwamba wa namna hiyo lazima ajiulize ndege walikuwa wakilala wapi.

Turudi ziwani. Misitu ilipokatwa, mashamba yalipopanda vilimani, majani yalipochomwa na moshi wake kushuka majini, miji ilipokua na maji taka kuteremka mitaroni, fosforasi ilimiminika kuliko ilivyowahi. Daiatomu walipata walichokuwa wakikikosa, wakazaana. Kila aliyezaliwa alivuta silika, na alipokufa aliizamisha. Silika ikawa inazikwa haraka kuliko mito inavyoweza kuileta. Aulacoseira, daiatomu mwenye kuta nzito aliyekuwa ametawala zamani, akashindwa. Akachukua nafasi Nitzschia, mwenye kuta nyembamba. Na zaidi yao wakaja sianobakteria, bakteria wanaofanya usanisinuru, ambao hawahitaji silika kabisa, na baadhi yao wanaweza kuchukua naitrojeni moja kwa moja kutoka hewani. Ule ukijani mzito mnaouona ukikusanyika kwenye Ghuba ya Mwanza siku za utulivu ni wao. Baadhi hutoa sumu inayoharibu ini, kwa hiyo msiwaruhusu watoto wachezee utando ule wala msinywe maji yake hata yakichemshwa, maana kuchemsha hakuiondoi sumu hiyo.

Mwani wengi maana yake ni mizoga mingi ya mwani. Mizoga inazama, bakteria wanaila, na kuila wanatumia oksijeni. Maji yenye joto la hapa kwetu yanabeba oksijeni kidogo tu hata yakiwa safi, kama miligramu 7 kwa lita. Kuanzia Oktoba hadi Machi hivi jua linapasha maji ya juu, yanakuwa mepesi, yanakaa juu ya maji ya chini bila kuchanganyika, na ya chini yanaishiwa pumzi. Pepo za kusini-mashariki za katikati ya mwaka ndizo zinazokuja kuyakoroga. Upepo ukivuma vibaya kabla ya hapo, maji yasiyo na oksijeni hupanda ghafla na samaki huelea. Wavuvi wa Kirumba na Igombe hutazama ni samaki gani. Sangara hufa mapema, hawezi kuvumilia oksijeni ndogo. Kamongo yuko palepale, ana mapafu, anapanda juu kuvuta hewa. Uchunguzi wa namna hiyo unaofanyika mwaloni asubuhi ni biolojia halali, na mkikutana na wazee wa mwalo wasikilizeni kabla ya kufungua vifaa vyenu.

Nina jambo moja juu ya furu, wale samaki wadogo wa ziwa hili, na nitalisema kwa ufupi ingawa linastahili siku nzima. Ziwa hili lilikauka miaka kama 15,000 iliyopita. Mabomba yaliyozamishwa kwenye matope yalitoa, chini ya tope laini la ziwa, udongo uliowahi kuwa nchi kavu, na kaboni-14, ambayo nusu yake huisha kila miaka 5,730, ndiyo iliyotupa tarehe. Maji yaliporudi, furu wakagawanyika kuwa zaidi ya spishi 500. Kwa viumbe wenye uti wa mgongo hakuna mfano mwingine wa kasi kama hiyo unaojulikana vizuri.

Wapo kati yao mbipi, furu wa mawe, wasiotoka kwenye miamba. Graniti yetu haiishii ufukweni. Inaendelea chini ya maji na kuibuka tena visiwani, na kati ya kisiwa na kisiwa kuna mchanga na tope ambavyo mbipi havuki kirahisi. Huko kisiwa cha Makobe, kwenye Ghuba ya Speke, wanaishi wawili wa jamii moja: Pundamilia pundamilia, ambaye dume lake ni la buluu na hukaa karibu na uso wa maji, na Pundamilia nyererei, aliyepewa jina la Mwalimu, ambaye dume lake lina mgongo mwekundu na hukaa chini zaidi. Chembechembe zilizomo majini hunyonya mwanga wa buluu kwanza, kwa hiyo ukishuka chini unabaki mwanga mwekundu. Macho ya samaki wa chini yana protini inayopokea wekundu vizuri zaidi, na majike huchagua dume wanayemwona. Mtafiti wa samaki Ole Seehausen na wenzake wameonyesha kwamba maji yakichafuka mno, jike hawezi tena kumtofautisha huyu na yule, wanachanganyika, spishi mbili zinakuwa moja. Fosforasi ya mtaro wa mjini inafuta samaki bila kumuua hata mmoja. Tazameni umbali uliokwendwa na atomu hiyo moja.

Sasa dhahabu, najua mlikuwa mnaisubiri.

Kesho mtaona Geita tabaka za mwamba wa chuma, mstari mwekundu, mstari mweusi, mstari mweupe. Una umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.6. Wakati huo hewa haikuwa na oksijeni ya kutosha hata kumwashia mtu kiberiti, na bahari ilikuwa imejaa chuma kilichoyeyuka, kile chenye chaji mbili, Fe²⁺. Kikinyang'anywa elektroni moja kinakuwa Fe³⁺, hakiyeyuki tena, kinazama. Nani alikinyang'anya? Wataalamu wengi wanawanyooshea kidole vijidudu: sianobakteria wa mwanzo waliokuwa wakitoa oksijeni kidogo kidogo, au bakteria wengine waliofanya usanisinuru wakitumia chuma chenyewe badala ya maji. Oksijeni ilikuja kujaa hewani baadaye, kama miaka bilioni 2.4 iliyopita. Kwa hiyo mnaposhika jiwe lile mnaweza kuwa mmeshika kazi ya viumbe waliotutangulia mno.

Na dhahabu inapenda kukaa hapo kwa sababu ya kemia. Maji ya moto yaliyopanda kwenye nyufa yaliibeba dhahabu ikiwa imeshikana na salfa. Yalipokutana na tabaka la chuma, salfa iliiacha dhahabu ikashikana na chuma, wakawa pairiti. Dhahabu ikabaki haina wa kuibeba, ikaganda papo hapo. Mchimbaji mdogo anayeingia duarani, yaani shimoni mwa mgodi, akifuata jiwe lenye pairiti nyingi anajua kwa uzoefu. Ninyi mnatakiwa mjue na sababu, kwa maana sababu ndiyo itakayowaambia mtafute wapi pengine.

Lakini pairiti ile ile ikitolewa nje ikakutana na hewa na mvua, inageuka asidi ya salfuri na kutu. Peke yake ingechukua muda mrefu. Yupo bakteria, Acidithiobacillus ferrooxidans, anayeishi kwa kuinyang'anya chuma elektroni, na anauharakisha mmenyuko huo maelfu ya mara. Palipo na aseniki ndani ya mwamba, nayo inaweza kutoka na maji hayo. Mtu atakayewaletea rundo la mawe taka na kusema ni mawe tu, mwulizeni yana pairiti kiasi gani na yana chokaa kiasi gani ya kuituliza asidi.

Nimalizie na zebaki, kwa kuwa hapa ndipo ninapoona hatari kubwa ya kumsomesha mtu jiolojia tupu. Wachimbaji wadogo husaga mawe kwenye karasha, huosha, kisha hutia zebaki ishikane na dhahabu. Donge lile huchomwa. Zebaki inachemka kwenye nyuzi joto 357, inapanda kuwa mvuke, na mara nyingi anayechoma anakuwa amechuchumaa juu yake, pengine jikoni, na watoto wako pembeni. Mvuke huo unaingia mapafuni na kupita moja kwa moja kwenye damu. Chombo kilichofungwa chenye bomba la kupoozea kinaukamata na kuurudisha kuwa zebaki inayotumika tena. Ni kifaa rahisi, na mkiwa maduarani nawaomba mkioneshe kwa heshima, mkikaa chini na wenye kazi yao.

Zebaki inayobaki inakwenda na marudio, yaani mabaki ya mawe yaliyosagwa na kuoshwa. Marudio yakipelekwa kwenye kemikali ya sianidi ili kuitoa dhahabu iliyosalia, sianidi haichagui, inaiyeyusha na zebaki pia, na maji yakivuja inasafiri mbali kuliko ingesafiri yenyewe. Ikifika kwenye tope lisilo na oksijeni, kuna bakteria wanaopumua kwa salfeti, na hao wanaifungia zebaki kundi la methili, yaani kaboni moja yenye haidrojeni tatu. Atomu ni ile ile, ila sasa inapenya ndani ya seli na kukaa. Inaingia kwa mwani na kwa vidudu, inaingia kwa samaki mdogo, inaingia kwa anayemla, na kila ngazi ina zaidi kuliko iliyo chini yake. Mwaka 1956 madaktari wa Minamata, Japani, walianza kuona watu na paka wanaotetemeka na kushindwa kuvitawala viungo vyao; kiwanda cha kemikali kilikuwa kikimwaga zebaki ya methili kwenye ghuba yao ya uvuvi. Mkataba wa kimataifa wa zebaki wa mwaka 2013 umebeba jina la mji huo.

Sisemi hayo ili mtu aogope sangara au dagaa. Samaki wengi wa ziwa hili waliopimwa wamekutwa na zebaki ya kiwango cha chini, na watu waendelee kula. Nayasema kwa sababu nimewaambia tayari kwamba chini ya ziwa oksijeni inapungua, na nimewaambia kwamba bakteria wa zebaki wanapenda mahali pasipo na oksijeni. Fosforasi ya Mwanza na zebaki ya maduarani zinaweza kukutana kwenye tope lile lile. Ofisi ya kilimo haitaliona hilo, wala ofisi ya madini. Ataliona mtu aliyezifuata atomu zote mbili, na ninataka mtu huyo awe mmoja wenu.

Kuhusu kesho. Basi linaondoka saa moja asubuhi, tunavuka Daraja la Kigongo–Busisi na kusimama upande wa pili kuchukua maji kabla ya kuendelea Geita. Chupa ya kupimia metali itiwe matone ya asidi ya naitriki mpaka pH ishuke chini ya 2, vinginevyo chuma kitaganda ukutani mwa chupa na kuvuta metali nyingine. Chupa ya kupimia fosforasi isitiwe asidi hiyo. Iwekwe kwenye barafu, maana bakteria waliomo wanaendelea kula hata mkiwa safarini. Oksijeni na pH vipimwe hapo hapo ufukweni, havibebwi kuja maabara. Na kila lebo iandikwe saa. Maji ya saa mbili asubuhi na maji ya saa tisa alasiri ya mahali pale pale hayafanani: kufikia alasiri mwani watakuwa wameshinda juani wakitoa oksijeni na kuivuta kaboni dayoksaidi, na pH itakuwa imepanda.